Sheria ya Bangi na Baiskeli Yangu Mpya

Nakumbuka vizuri siku niliyomeza sentensi moja mbele ya kijiji kizima. Sasa hivi nakaa hapa Nsemulwa, Mpanda, mvi zimejaa kichwani na magoti yanalalamika kila yakiona ngazi, lakini siku hiyo naiona kama ya juzi. Nikiikumbuka, mwanangu, kwanza naona haya, halafu nashukuru. Nitakwambia kwa nini.

Tulikuwa tunaishi kijiji kimoja upande wa Kakese. Wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na nyumbani tulisema Kisukuma tu. Mimi nilisoma hadi darasa la saba, Kiswahili nikakijua, basi nikawa mkalimani wa mikutano ya kijiji. Mwenyekiti anasema, mimi nawatafsiria wazee na akina mama ambao Kiswahili kilikuwa kinawapiga chenga. Sikulipwa, ila kichwa kilinivimba kwelikweli. Nilitembea na kalamu kwenye mfuko wa shati kama mtumishi wa serikali, hata wino ulipokuwa umekwisha.

Kulikuwa na tajiri mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga, tukimwita Bosi. Mtu wa tabasamu, hana makuu. Mwaka huo akaja na hoja kwamba kijiji kitunge sheria ndogo ya kukomesha bangi. Nani angepinga? Vijana wetu kadhaa walishaanza kuharibika, na kila mama alikuwa na hofu yake. Sheria ya nchi ilikwisha kukataza bangi zamani, lakini hakuna aliyeuliza hii ya pili ni ya kazi gani. Tungeuliza saa ngapi? Bosi alishatoa bati za ofisi ya kijiji, na siku ya mkutano akachinja ng'ombe, wali ukapikwa, soda zikaletwa kreti kwa kreti.

Siku mbili kabla ya mkutano aliniita mashineni. Akanipa baiskeli mpya, fremu bado imevishwa karatasi. "Mkalimani wa kijiji hawezi kutembea kwa miguu, bwana," akasema, tukacheka. Nilipokwisha kushika usukani ndipo akanionyesha ile sheria. Ilikuwa na vifungu viwili. Cha kwanza kilisema atakayekutwa na bangi, itang'olewa, naye atatoa faini ya mbuzi. Cha pili kilisema shamba lake litarudi kijijini, ligawiwe mtu mwenye uwezo wa kuliendeleza.

"Hicho cha pili usikivutevute," akaniambia. "Wazee watachanganyikiwa bure."

Uone ujanja wake, mwanangu. Hakuniambia nidanganye. Angesema hivyo labda ningekataa, maana nilijiona mwaminifu sana. Aliniomba nisiwachoshe wazee, na mimi nikaona hilo ni jambo la heshima kabisa.

Mkutano ukafika. Mwenyekiti alisoma mbiombio, wachache waliojua Kiswahili wakiwa wanautazama wali, nami nikatafsiri kifungu cha kwanza kwa madoido, nilipofika kwenye mbuzi watu wakacheka. Cha pili nikakimeza. Nilisema tu kwa Kisukuma, "Na mengine ni utaratibu wa ofisi." Mikono ikaenda juu. Mbele kabisa nikaona mkono wa Bibi Minza, mjane, rafiki wa mama yangu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Shamba lake la mpunga lilikuwa bondeni kwenye maji, limepakana na la Bosi. Na nyuma ya kibanda chake cha kuku kulikuwa na mashina matatu ya bangi, ambayo majani yake aliwapa kuku wakiugua. Kijiji kizima kilijua hilo. Bosi alijua, na mimi nilijua.

Haikupita hata wiki, watu wa kamati wakaenda kung'oa yale mashina. Bibi Minza hakubisha, akajua atatoa mbuzi na yataisha. Kisha wakashuka bondeni na kamba, wakaanza kupima shamba. Yeye aliwafuata nyuma akiwauliza kama wamepotea njia.

Jioni ile alikuja kwetu. Nilijua amekuja kunitukana, nikajiandaa. Hakutukana. Aliketi kwenye kigoda, akatoa karatasi ya sheria aliyoachiwa na kamati, akanipa.

"Nisomee tena," akasema. "Yote."

Nikasoma kifungu cha kwanza. Nilipofika cha pili nikaanza kuikunja karatasi.

"Endelea, baba."

Nikatafsiri neno kwa neno. Akawa anatazama kuku wetu wakiingia bandani.

"Siku ile hukusema haya."

"Sikusema, mayu." Nilimwita mama, kwa Kisukuma chetu.

"Ulisahau?"

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningejibu kwamba nilisahau, angenisamehe na kwangu yangeisha, yeye akabaki hana pa kulima. Macho yangu yakaenda yenyewe kwenye baiskeli iliyoegemea kihenge cha mpunga, na ya kwake yakafuata. Akainuka, akaigusa kengele kwa kidole.

"Nzuri," akasema taratibu. "Mimi sitakwenda kukusema kwa mtu. Nikikusema mimi, hutatafsiri tena kijiji hiki, na sisi tusiojua Kiswahili tutamtegemea nani? Utasema mwenyewe. Kwa lugha zote mbili."

Mkutano wa kugawa lile shamba ulikuwa Jumamosi. Nilikwenda nikiikokota baiskeli, sikuthubutu kuipanda. Nikaomba nafasi, nikapiga moyo konde, nikasema nilichopewa na nilichoficha, kwanza kwa Kiswahili. Kisha nikasema kwa Kisukuma, na hapo ndipo palipouma, maana wale wazee walikuwa wananitazama usoni na kila neno walilielewa.

Bosi akacheka. "Nilimpa kijana zawadi. Siku hizi zawadi nayo ni kosa?" Mwenyekiti akazitazama bati mpya za ofisi yake. Ndipo Bibi Minza aliposimama, akasema nami nikatafsiri: "Sheria isomwe upya, na mikono inyooshwe upya. Leo hatujala cha mtu."

Ikasomwa, nikatafsiri yote. Kifungu cha mbuzi kikapita tena. Cha shamba, mikono ilibaki mapajani, isipokuwa wa Bosi na wa fundi wake wa mashine, na wa fundi nao ulipanda nusu ukashuka.

Shamba likabaki la Bibi Minza. Faini alitoa, tena alichagua yule mbuzi mkorofi aliyekuwa akila nguo zake kwenye kamba, akasema hajawahi kutii sheria kwa furaha namna hiyo. Bosi alipakia baiskeli kwenye gari lake palepale. Mimi nilirudi kwa miguu, wenzangu wakinifuata huku wanapiga kengele kwa midomo, na mchezo huo waliuendeleza miaka.

Mkutano uliofuata nilijificha nyuma kabisa. Bibi Minza akageuka, akaita kwa sauti: "Mkalimani, mbona uko mbali? Njoo hapa mbele, masikio yangu hayafiki huko." Nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Angeweza kunimaliza, lakini alinirudishia kazi yangu na uso wangu mbele ya watu. Ameshatangulia mbele ya haki, na hakuna siku ninayosali bila kumtaja.

Sasa nasikia nyie vijana mnabishana kwenye simu kuhusu bangi. Wengine wanataka iruhusiwe, iwe dawa, iwe zao la biashara. Wengine wanataka adhabu ziongezwe. Mimi mmea huo siujui wote, wenye elimu yake waseme. Ninachojua ni kwamba Bosi hakusumbuliwa na bangi hata kidogo, macho yake yalikuwa bondeni. Mwenye pesa anaweza kuisukuma sheria iwe kali, na mwingine akaisukuma iwe laini, na wote wawili watakuja kwako na tabasamu, chakula na fulana. Kwa hiyo ukiitwa semina pale mjini Mpanda, uliza aliyelipia wali huo anapata nini sheria ikipita. Omba usomewe mpaka mstari wa mwisho, hata ukiambiwa ni utaratibu wa ofisi tu. Na kama umeshapokea kitu, sema hadharani kabla ya kunyoosha mkono, hata kama utarudi nyumbani kwa miguu. Mimi nilirudi hivyo, na usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu kuliko wa siku zote nilizolala na baiskeli ndani.

Mungu akupe mdomo usionunulika, mwanangu. Na siku utakayoteleza, maana utateleza, akuletee Bibi Minza wako mlangoni, akupe karatasi, akwambie usome tena, yote.