Mama wa Kwenye Chombo cha Maboksi

Nyumba tuliyopanga Kariakoo ilikuwa na televisheni, jambo la ajabu, maana huku Bara hatukuwa na kituo hata kimoja. Bibi mwenye nyumba aliletewa na nduguye wa Unguja, akasimamisha antena juu ya bomba refu uani, na siku hali ya hewa ikikubali tulinasa picha za kule. Wapangaji wote tulijazana sebuleni kwake, mkekani. Mchezo ukiwa wa Kiingereza, mtafsiri ni mimi, kwa kuwa nilifika sekondari.

Siku ya mchezo wa chombo cha angani wenzangu walicheka mpaka machozi. Chombo chenyewe kilikuwa cha maboksi yaliyopakwa rangi, na mlango wake ulitikisika kama wa banda la kuku.

"Vitufe vile si vizibo vya soda!" mume wangu alipiga kelele. "Mtafsiri, waulize wamepata duka gani, na sisi tukapange foleni."

Mie sikucheka. Nilikuwa nimempakata mwanangu, anakaribia mwaka. Wiki nzima nilikuwa nikiwaambia mtoto huyu hasikii. Nilitwanga kisamvu karibu na kichwa chake, akalala fofofo. Bibi akanijibu, "Mtulivu huyo, mshukuru Mungu. Uzazi wa kwanza unakutisha, mwanangu." Mume wangu akasema shule imenijaza magonjwa kichwani. Hospitali akakataa, eti nitamtia aibu.

Tulishaona kwamba mle chomboni mtoto wa mama mmoja ameibwa, na mahali pake pamewekwa mashine inayofanana naye. Mara sauti ikapotea, ukabaki mvumo tu. Nikaanza kubahatisha wanasema nini. Bibi akanikata: "Nyamaza wewe, tunaona."

Na kweli waliona. Yule mama hakupiga yowe. Alikuwa anamfunga mtoto kifungo cha shati, taratibu, kama kila siku, vidole vikasimama. Akamtazama. Akaondoa mkono. Wenzake wakamzunguka, wanatabasamu, wanampapasa bega: umechoka, kalale. Tabasamu lile nililijua!

Maboksi hakuna aliyeyaona tena. Bibi akashika kifua: "Jamani, mbona hawamsikilizi? Mama si anamjua mwanawe!" Na mume wangu, yule yule wa vizibo, akafoka, "Wajinga hao! Wamwamini!"

Mwanamke wa Kizungu, hata sauti yake haisikiki, wamemwamini kwa kifungo kimoja. Mimi je, niliyesema kwa Kiswahili?

Nikasimama mbele ya kioo cha televisheni.

"Toka, unatuziba!"

Sikutoka. Nilimkalisha mtoto mkekani, anamtazama bibi. Nikachukua sinia la bati, nikaliangusha kwenye saruji nyuma yake. Watu wazima waliruka. Mtoto aliendelea kumchekea bibi.

Hakuna aliyeniambia nimechoka. Bibi aliinuka akazima televisheni, na mchezo haujaisha. Mume wangu aliokota sinia, akaliangusha tena. Kisha akapiga magoti nyuma ya mwanawe, akamwita kwa jina. Akaita, akaita.

Asubuhi alimbeba yeye mwenyewe kwenda hospitali. Mimi nilitangulia mbele, sikutaka kumtazama. Hasira ile mpaka leo haijashuka yote. Na yule mama, sijui kama mwishowe walimsikiliza.