Nilichinjiwa Dume la Kustaafu, Naenda Kusoma

Jamani, aibu hii ningekuwa na uwezo ningeifukia, lakini walioiona ni ukoo mzima pamoja na kwaya ya kanisa, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjakutana na Baba Mdogo Magesa, maana yule huwa anaongezaga chumvi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sitini na moja, nakaa Kitaji hapa Musoma ila kwetu ni Butiama. Binti yangu Nyangeta ameolewa Ureno, akaniambia mama njoo tukae wote, na njia zilikuwa mbili: viza ya wastaafu, unaonyesha pensheni yako na kodi za vyumba unavyopangisha (mkwe anajazia), ukifika unakaa barazani unaota jua, au viza ya mwanafunzi, unatafuta chuo, unasoma kweli, ukitoroka vipindi wanakurudisha kwenu. Kila mtu alisema ya wastaafu, na mimi mdomoni nikasema hivyo hivyo, kumbe moyoni nilishapata chuo cha kutengeneza jibini, kozi ya mwaka mmoja, na wamenikubali. Msicheke! Sisi ni watu wa ng'ombe, masika maziwa yanazidi mpaka tunayamwaga, na mimi nilikuwaga na ndoto ya kufungua kiwanda kidogo pale nyumbani tangu nikiwa nafundisha Kiabakari. Ila kumwambia mtu kwamba bibi mwenye wajukuu anakwenda kubeba begi la shule mgongoni, nilishindwa. Nikasema nitawaambia kwa simu nikishafika, huko hawawezi kunifuata.

Sasa ukoo wetu una utaratibu wake: aliyemaliza kazi anachinjiwa dume, lakini anayekwenda kuanza jambo hachinjiwi kitu, anakalishwa chini anausiwa. Baba Mdogo akaleta dume lake kutoka Bunda, mweusi, amenona huyo, nami nikashukuru (ningesema nini, na ameshateremshwa kwenye gari?).

Siku ya kuniaga, Butiama, viza yenyewe haijaombwa bado, watu wamejaa, nyama inaliwa, mara spika ikanyamaza, simu iliyokuwa inapiga nyimbo imeisha chaji. Nikajitia mkarimu, nikasema unganisheni ya kwangu. Hapo ndipo nilipojimaliza! Wimbo wa tatu haujaisha, simu ikaita, na Baba Mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshereheshaji, akaona ni fahari, bila hata kuangalia jina akasema kwenye kipaza sauti, "Tulieni, Nyangeta anapiga kutoka Ulaya, wote tusikie!" Akapokea.

Hakuwa Nyangeta. Alikuwa wakala wangu wa viza, yuko Dar, makaratasi ya njia zote mbili yako kwake, na sauti yake ikatoka kwenye yale maspika mawili makubwa kama tangazo la mnada.

"Mwalimu, shikamoo. Leo ndiyo mwisho, chuo cha jibini kinasubiri, ukichelewa nafasi wanampa mwingine. Ile ya wastaafu uliyosema ni ya kuwaridhisha ndugu tuiache, si ndiyo? Nipeleke ya mwanafunzi?"

Yesu wangu! Nilitoka mbio na mfupa mkononi niende kuzima, nikajikwaa kwenye kamba ya turubai, turubai likashuka upande mmoja likaifunika kwaya yote, sauti ya nne inapiga kelele humo ndani, na mimi niko chini kifudifudi na gauni langu jipya. Watu wakaacha kutafuna.

"Mwanafunzi?" Baba Mdogo akasema, bado kwenye kipaza sauti. "Na dume wangu je?"

"Haloo? Mwalimu upo?" maspika yakauliza.

Shangazi Wegesa, aliyenilea, ambaye sasa hatembei bila mkongojo, akauliza jibini ni kitu gani. Nikamwambia palepale chini nilipo, ni maziwa yaliyogandishwa, Shangazi, yanakaa miezi hayaharibiki. "Na hayo yanasomewa?" Watu wakaangua kicheko, nami machozi yananitoka, maana nilijua nikisema "wastaafu" sasa hivi aibu inaisha, na jibini nalo linaisha. Nikainuka, nikaifuata simu, nikasema kwa sauti wote wasikie, "Peleka ya mwanafunzi."

Baba Mdogo akasonya, kisha akavuta kiti akakiweka katikati ya uwanja. "Haya, kaa. Dume tumeshamla, lakini mwanafunzi lazima ausiwe." Nikakalishwa, na vumbi langu usoni, wakapanga foleni watu niliowafundisha kusoma, mmoja mmoja, usituaibishe, usifuate makundi, na wifi yangu bila hata kucheka, "Na usije ukaturudia na mimba." Nilitamani ardhi ipasuke.

Shangazi akaja wa mwisho. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema polepole, "Mimi kaka zangu walipelekwa shule, mimi nikapewa ndama nichunge. Nilikuwaga nawasikia wakisoma, nikiwa nje ya dirisha. Wewe ukifika, kaa mbele."

Viza imetoka, ya mwanafunzi. Nimekoma kutamka la watu huku moyo unataka lingine, sirudii tena. Na huko darasani, hata wenzangu wawe na umri wa wajukuu zangu, nitakaa mbele.