Mama Alipodai Namba ya OB

Mtamba wa mama aliibwa akiwa amebakisha wiki chache tu kuzaa. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimerudi nyumbani kumsaidia kuchuma majani chai. Kulipokucha tukaenda kituo cha polisi.

Askari wa zamu alitusikiliza, kisha akasema, "Mama, gari haina mafuta. Nendeni mtafute. Mkimwona, mje mniambie."

Mama hakujua Kiswahili kingi, kwa hivyo nikamtafsiria. Hakuinuka.

Krismasi iliyotangulia, shangazi yangu aliyekuwa muuguzi Uingereza alikuja likizo. Alitusimulia kwamba polisi wa huko hutembea bila bunduki, na ukiibiwa wanakupa namba ya kesi yako. Sisi tulicheka, tukidhani anatia chumvi. Mama peke yake ndiye aliyeuliza, "Na hapa kwetu hawaandiki?"

"Wanaandika," shangazi akajibu. "Kuna kitabu cha kituoni cha kuandikia matukio, kinaitwa OB. Ni haki yako uandikwe."

Sasa mama akaniambia kwa Kipsigis, "Mwambie sikuja kuomba gari. Aandike, anipe namba. Na ile namba yake ya begani pia naitaka."

Nilitafsiri. Askari akatutazama, akaingia ndani. Tulikaa. Wazee wawili waliokuwa na shida zao walisikia, wakaketi karibu nasi, wakisema hata wao wanataka kuandikwa.

Saa sita mkubwa wa kituo akatoka kuuliza kuna nini. Mama akasimama, akamjibu mwenyewe kwa Kiswahili chake: "Afande, mimi nataka OP namba."

Yule mkubwa akavuta kitabu, akaandika kwa mkono wake: mtamba mwekundu, doa jeupe usoni, sikio la kushoto lina pengo. Namba akaiandika kwenye kikaratasi, akampa mama.

Siku ya soko tulimkuta mtamba wetu kwenye soko la Merigi, amefungwa kwenye kigingi. Mchuuzi akaapa ni wake. Mama hakubishana naye. Alimpa askari wa soko kile kikaratasi. Askari akasoma namba, akashika lile sikio, akamgeukia mchuuzi.

"Barua ya chifu ya kuonyesha ng'ombe ni wako iko wapi?"

Hakuwa nayo.

Tulimswaga mtamba mpaka nyumbani kwa miguu. Mama, ambaye kwa kawaida hazungumzi na watu asiowajua, alisimama kwa kila aliyetusalimia njiani na kumsimulia yote, tangu mwanzo.