Hewa katika Breki za Mama

Mama alimpa mdogo wangu kazi ya kubadilisha vibanio vya breki za gari lake, ingawa mimi ndiye niliyesomea ufundi. Asubuhi ya safari yake ya kwenda Musumba, pedali ilizama hadi chini.

"Nilitosha hewa mpaka nikachoka, yaya, inashuka tu!" mdogo wangu alinilalamikia mimi mkubwa wake; alikuwa ameitoa hewa mara nyingi, bure.

Niliinama nikaona kosa: alikuwa amefunga kibanio cha gurudumu la kushoto kulia na cha kulia kushoto, hivyo parafujo za kutolea hewa zilielekea chini, na hewa ilibaki juu. Wivu ulinishauri ninyamaze, aaibike. Lakini ni Mama ambaye angesafiri. Nikamwonyesha.

Akavibadilisha upande, akatoa hewa upya, pedali ikawa ngumu. Mama akaijaribu, akacheka.

"Uko fundi kweli, mutoto yangu!"

Alikuwa akimtazama mdogo wangu, si mimi. Hata leo neno hilo linaniuma.