Winifred Entwistle na Watu wa Roshani

Shangazi yangu Winifred Entwistle alijifunza kucheza kiwandani, akiwa na viatu vya mbao. Wasichana wa Burnley, mji wa viwanda vya nguo Uingereza, walivivaa kazini, na kwa kujifurahisha waligonga sakafu wakiiga mlio wa mashine za kufuma. Winifred aliwapita wote. Akaacha kufuma, akazunguka kumbi za maonyesho akicheza juu ya pipa, kati ya mwanasarakasi wa baiskeli na mbwa waliovalishwa sketi.

Kufikia mwaka 1935 kumbi hizo zilikuwa zikigeuzwa sinema, na kazi ikawa ya kubahatisha. Ndipo studio moja karibu na London ikaamua kutengeneza filamu ya nyimbo na vichekesho, kila msanii na mchezo wake. Winifred akaitwa! Angeshindwa, ingembidi arudi kufuma.

Studioni alimkuta Sid Tolliver, mchekeshaji aliyemjua miaka mingi.

"Win! Pipa bado linakubeba?"

"Linanibeba. Na wewe bado unamsema mama mkwe wako?"

"Bado yu hai, mpenzi. Nifanyeje?"

Taa zikawaka. Winifred akapanda pipani, na viatu vikarindima kama kiwanda kizima. Hata mafundi walioamriwa wasitoe sauti walitikisa vichwa kufuata mdundo.

"Simama!" alifoka mwongozaji, Bwana Pargeter. "Bibie, unatazama wapi? Kamera iko hapa chini. Ninapata kidevu tu!"

Winifred akaomba radhi. Maisha yake yote alikuwa amewachezea watu wa roshani ya juu kabisa, wale wa viti vya bei rahisi. Ukiwasahau hao, kule Burnley unarushiwa maganda ya machungwa. Akarudia, na kidevu kikapanda tena chenyewe. Safari iliyofuata alijilazimisha kuikazia macho kamera. Mpigo ukampotea, akateleza, akaanguka kwa magoti.

"Asante sana, Bibi Entwistle," alisema Pargeter. "Leteni mbwa."

Kila msanii alijua maana ya asante hiyo. Winifred alikuwa tayari ameshika pipa lake Sid alipopaza sauti:

"Bwana mkubwa, huyo hashushiki! Ipandishe kamera roshani, ikalipe nusu bei!"

Mafundi wakaangua kicheko. Pargeter hakucheka. Alitazama daraja la mbao lililobeba taa, juu kabisa.

"Kamba," akasema. "Ipandisheni."

Ikapandishwa! Winifred akainua macho, akaiona imekaa pale pale walipokaa watu wake, na uso wote ukamchangamka. Safari hii hakuna aliyemkatiza.

Filamu ilipofika Burnley, ilionyeshwa katika ukumbi ule ule alimokuwa akicheza zamani, sasa umegeuzwa sinema. Shangazi alikaa nami viti vya chini, amenishika mkono hadi unauma. Uso wake ukajaa kwenye skrini, macho juu, na roshani nzima ikalipuka kwa vishindo vya viatu vya mbao.

"Anatutazama sisi! Win, tuko huku!"

"Nyamazeni, ananitazama mimi!" alijibu mzee mmoja wa viti vya chini.

Winifred akasimama, akageuka, akawainamia watu wa roshani.

"Pipa liko wapi?" wakapiga kelele. "Pipa! Pipa!"

Meneja, jasho likimtoka, akasimamisha filamu na kutuma watu wakalilete kutoka nyumbani kwake. Usiku huo huo alimwomba Winifred acheze hapo kila Jumamosi.