Vizibo vya Dionis

Eustadia wa Ipole hakuwa mwanamke wa kupayuka. Akishuku jambo alinyamaza, akazidisha chumvi kwenye mboga, akasubiri. Mwaka ule walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mboga za nyumba yake hazikulika.

Mumewe Dionis, dereva wa lori la tumbaku la ushirika, alikuwa ameanza tabia ngeni. Kila jioni alisawazisha mchanga uani, akachora mistari mirefu kwa kijiti, akapanga vizibo vya soda katikati yake. Vyote alivisukuma mbele, ila kimoja chekundu kilikuwa kinahama mstari: kinasita, kinapenya kati ya viwili, kinatulia. Dionis alinong'ona peke yake muda wote huo.

"Hiyo ramli, mwenzangu," jirani yake Koleta, aliyekwisha kuchungulia, alimwambia kisimani. "Kama ya wale wazee wa Tabora mjini. Na Mkatoliki mzima! Anatazamia kama aoe mwingine."

Eustadia alicheka. Lakini tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi: shati jipya, safari ya Tabora iliyozidi siku, na jinsi mume alivyofuta mchanga kwa mguu alipomwona. Kile kizibo chekundu alikichukia kama mtu. Mwanamke gani huyo anayepenya penya katika ndoa za watu?

Jumamosi moja uvumilivu ulimwishia. Aliingia uani na mwiko mkononi, akakanyaga mistari.

"Baba Leonia, huyu mwekundu ni nani?"

Dionis aliduwaa, kisha akaangua kicheko. "Ni mimi! Ni lori langu. Dar kuna barabara ya njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, magari yanafuatana kama siafu. Mimi nimezoea hii yetu ya vumbi, mkikutana mmoja anaingia majanini. Wameniita kazi huko, mama. Mwezi ujao nafanyiwa majaribio. Nikihama njia vibaya, naua watu."

Eustadia alishusha pumzi. Aliona aibu, akafurahi, akataka hata kumcheka Koleta. Kisha lile neno likamrudia: kazi huko. Udongo wa nyumba yao mpya ulikuwa haujakauka.

Aliketi mchangani. "Nifundishe. Kabla ya kuhama njia unafanya nini?"

"Natazama kioo. Nawasha indiketa, aliye ubavuni ajue. Akinipa nafasi, ndipo nahama."

Eustadia aliokota kizibo kingine, akakiweka ubavuni mwa kile chekundu.

"Huyu ni mimi," alisema. "Mimi uliniwashia lini?"

Kidole cha Dionis kilibaki juu ya kizibo chekundu, hakijui pa kukisogeza.