Servo ya Bawa la Kushoto

Majuzi pale Horohoro, ninapofanya kazi kwa wakala wa kutoa mizigo mpakani, afisa alifungua kifurushi kilichotoka Mombasa. Akatoa kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, chenye nyaya tatu nyembamba na kimkono cheupe cha plastiki juu yake. Akakigeuzageuza, akatuuliza ni kitu gani. Nikamwambia ni servo, mota ndogo ya kuvuta na kusukuma, inawekwa kwenye ndege za kurushwa kwa rimoti. Akauliza nimejulia wapi. Nikamjibu kwamba nimeona tu mahali. Jibu la kweli lilikuwa refu, na malori yalikuwa yanangoja. Wewe huna haraka, wewe nitakuambia.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikaa Maskati miaka mingi akitengeneza viyoyozi. Aliporudi Tanga, ukoo mzima ulitegemea gari, au angalau nyumba ya ghorofa. Yeye akarudi na makasha ya mbao nyepesi kama maganda ya vitunguu, gundi, injini ndogo, na rimoti yenye vijiti viwili. Watu wazima walisikitika kimyakimya. Mimi nilikuwa darasa la saba, na sijawahi kufurahi vile.

Chumba chake cha kazi kilikuwa uani, kimepakana na jiko. Nilikuwa nakuna nazi ya mkewe mjomba, nachambua mchele, halafu namwamkia mjomba shikamoo mlangoni na kuingia. Mle ndani harufu ya gundi na risasi ya kuchomelea ilichanganyika na samaki wa kupaka kutoka jikoni. Mpaka leo nikisikia harufu ya nazi inachemka, naitafuta ile nyingine.

Alikuwa anaunda ndege moja tu. Ilikuwa mfano wa ile ndogo iliyokuwa ikitua kwenye shamba la mkonge njia ya Maramba alipokuwa mtoto, ndege ya meneja. Hakutaka ifanane kidogo tu. Alitaka vichwa vya misumari vionekane, na doa la mafuta chini ya tumbo liwepo. Kuhusu servo alisema neno ambalo sijalisahau, kwamba ndege ya mfano hudanganya macho kwa rangi, lakini hewa haidanganyiki.

Alikuwa na servo tele, za kila umbo, na kazi yetu ilikuwa kuamua ipi iende wapi. Ya kuzungusha gurudumu la mbele lazima iwe na gia za chuma, kwa sababu gurudumu hupigwa na ardhi na meno ya plastiki hukatika. Ya kufungua mafuta ya injini, dhaifu inatosha. Ya mkia lazima iwe na nguvu na isiwe na mchezo wa kulegalega hata chembe, lakini usiifunge mkiani kwenyewe, maana uzito wa nyuma utakudai kipande cha risasi cha kusawazisha puani, na ndege nzito huanguka kama jiwe. Hivyo tuliiweka katikati ya kiwiliwili, ikawa inauvuta mkia kwa ufito mrefu. Zile za mabawa, za kuilaza ndege upande, zilitupa taabu zaidi. Bawa lilikuwa jembamba, servo ilibidi ilale ubavu ndani yake isionekane, na ya kulia na ya kushoto zilipaswa kwenda sawa kama mapacha.

Kwa bawa la kushoto mjomba alichagua moja yenye nguvu sana. Niliishika kimkono kwa kidole, nikaisikiliza. Ilinguruma hata ikiwa imetulia, na kila ikirudi katikati ilipitiliza kidogo. Nikamwambia hii hairudi nyumbani. Akaijaribu mwenyewe, tena na tena, akaichomoa na kuiweka kando. Nilipekua kasha zima mpaka nikapata iliyokuwa inakwenda sambamba na ya kulia. Siku ile alimwita mkewe aje aone. Alisema, "Huyu ndiye atakayeirusha."

Na alinifundisha kweli. Tulikuwa na ndege mbovumbovu ya mazoezi, tukiipeleka kwenye ule uwanja wa zamani wa shamba la mkonge. Kaka yangu alikuja mara chache, akachoka na jua. Mimi niliipiga chini nikaiunganisha, nikaipiga tena, mpaka nikajua kile kinachowashinda wengi: ndege ikikugeukia na kuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na mkono wako unapaswa kujua kabla ya kichwa.

Siku iliyochaguliwa ilikuwa Idi pili. Asubuhi tulikula vileja na maandazi, mchana pilau, halafu watu wakajaa uwanjani: majirani, vijana wa Maramba, wazee wa ukoo na kanzu zao mpya. Ndege iliwekwa kwenye nyasi, nyeupe yenye mstari mwekundu, na wazee waliomkumbuka meneja waliinama kulitazama doa la mafuta chini ya tumbo. Niliishika rimoti. Ndipo baba mkubwa, kaka wa baba yangu, akasogea na kumwambia mjomba kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mimi si mtoto tena, na haipendezi nisimame katikati ya wanaume nikitazamwa.

Nilimwangalia mjomba. Nilikuwa na hakika atasema kitu. Alitazama nyasi, akapokea rimoti mikononi mwangu kwa upole, akampa kaka yangu.

Iliruka vizuri. Hilo lazima niliseme. Ilipaa juu ya mkonge ikang'aa, watu wakapiga makofi, ikazunguka kule mwisho wa uwanja na kuanza kurudi. Ilipotugeukia, iliinama kidogo upande mmoja. Kaka akasukuma kijiti upande usio wake. Ikainama zaidi, naye akazidi kusukuma kulekule. Nilikuwa nimesimama nyuma na wanawake, na mkono wangu mtupu ulikuwa unavuta upande wa pili. Ikaingia kwenye mkonge kwa sauti kama ya kuvunja kapu.

Baba mkubwa aliuliza kulikoni. Kaka alikuwa ameanza kulia, naye alikuwa mkubwa wa kutolia mbele za watu. Mjomba alimwekea mkono begani, akasema, "Servo ya bawa la kushoto imekwama. Aliichagua mtoto wa kike."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuondoa aibu. Mmoja akasema mambo ya mitambo yana wenyewe. Yakaisha. Wakaenda kunywa kahawa na halua.

Niliokota vipande kwenye miiba, mikono ikatoka damu. Jioni ile niliichomoa servo kwenye bawa lililopasuka, nikaiunga kwenye betri mbele ya mjomba. Ikaenda kulia, ikaenda kushoto, ikarudi katikati.

"Najua," alisema. "Kaka yako asingeweza kuibeba ile aibu, mwanangu. Wewe utaweza."

Yeye alidhani amenisifu. Nikaiweka mezani nikatoka. Alinitumia mtu mara nyingi baada ya hapo, kwamba kuna injini mpya, kwamba kuna rangi ya kuchagua. Nikawa na nazi za kukuna, nikawa na masomo, halafu nikaolewa. Hakuunda ndege nyingine.

Mwaka huu amefariki. Siku ya hitima nilikuwa uani nikipakua wali, nikamsikia kaka barazani akiwasimulia wageni jinsi marehemu alivyomfundisha kurusha ndege, yeye peke yake katika ukoo. Alisimulia vizuri, kwa mapenzi, wengine wakafuta machozi. Alipokuja kuchukua sinia nilimwambia taratibu kwamba ile servo haikukwama.

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mfiwa aliyechanganyikiwa. "Servo gani, dada?"

Hakuwa anajifanya. Namjua anapojifanya. Alikuwa amesahau kabisa, miaka mingi iliyopita, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kumfanya akumbuke. Akachukua sinia akaenda.

Kile chumba sasa mkewe mjomba amekipangisha kwa kijana wa kuuza vocha. Uwanja umepimwa viwanja, kuna vigingi na msingi wa nyumba ya mtu. Baba mkubwa alishatangulia. Wale waliocheka sijui walipo, na hata nikiwapata hawatajua nasema nini. Aliyesema uongo ule amekufa, aliyefichiwa aibu hana habari nayo, na niliyeubeba ni mimi, kama alivyosema.